Kwa nini mbwa mgeni hulia akiachwa peke yake nyumbani

MTUMISHI anapohamishwa kutoka Ifakara kwenda kituo kingine cha kazi, kitanda, kabati na baiskeli hupata wanunuzi kabla ya siku ya safari. Mbwa hauzwi kwa urahisi huo. Mara nyingi hukabidhiwa jirani, rafiki wa kazini au familia ya aliyekuwa akisaidia kazi za nyumbani, na maisha huendelea.

Kwa mbwa mwenyewe maisha hayaendelei kwa wepesi huo. Hasa kama ni mbwa mdogo aliyelelewa ndani ya nyumba na kuzoea kulala miguuni pa mtu, siku zake za mwanzo kwa mwenyeji mpya hutawaliwa na jambo moja, nalo ni kumfuata mtu huyo kila aendako, kuanzia jikoni hadi mlango wa choo. Siku mwenyeji anapofunga mlango na kwenda kazini, kelele huanza.

Mbwa hulia kama mtoto, hubweka bila kupumzika, hukwaruza mlango hadi kucha zikatoka damu, hujisaidia sakafuni ingawa anajua kutoka nje, na chakula alichowekewa hakigusi. Jioni majirani wanalalamika. Mwenye nyumba anatoa onyo. Baada ya wiki mbili mbwa anatafutiwa mtu mwingine wa kumchukua, na huko nako mambo huwa yale yale, pengine mabaya zaidi, kwa kuwa sasa ameachwa mara mbili.

Madaktari wa mifugo huiita hali hiyo hofu ya kutengana. Si ukaidi, si kudeka, wala si kisasi, ingawa wengi huamini kwamba mbwa amerarua godoro kwa makusudi ili kumkomoa mwenyewe. Ni woga halisi, na mwili wa mnyama huuonyesha waziwazi: moyo kwenda mbio, kuhema, kutetemeka na kutokwa na mate mengi.

Utafiti ulioanzia Uganda

Chanzo cha elimu inayoeleza woga huu hakiko mbali na Ifakara. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alifika Uganda na kuanza kuzitembelea familia za Waganda katika vijiji vya karibu na Kampala. Alikaa na akina mama majumbani mwao, akaandika namna watoto wachanga walivyowafuata mama zao kwa macho, walivyolia walipoachwa, na walivyotulia mama aliporudi. Kitabu chake juu ya utafiti huo kilitolewa mwaka 1967.

Aliyoyaona Uganda ndiyo yaliyomwongoza baadaye, akiwa Baltimore nchini Marekani, kubuni jaribio ambalo hadi leo hutumika duniani kote. Mtoto na mama huingia katika chumba wasichokijua, mtu mgeni huingia, mama hutoka, kisha hurudi. Watafiti hutazama mtoto anavyofanya katika kila hatua.

Mwaka 1998 wanasayansi wa Budapest, Hungaria, wakiongozwa na József Topál, walilichukua jaribio hilo na mahali pa mtoto wakamweka mbwa. Walipima jozi 51 za mbwa na wenye mbwa. Matokeo yalifanana kwa kiasi kikubwa na yale ya watoto: mwenyewe alipokuwamo chumbani mbwa alicheza na kunusanusa huku na huko, alipotoka mbwa alisimama mlangoni, na aliporudi alilakiwa kwa namna ambayo mgeni hakulakiwa.

Kwa maneno mengine, mbwa humtegemea mtu wake kwa usalama kama mtoto anavyomtegemea mlezi. Anayemwondoa mtu huyo ghafla hamwondolei mbwa mlishaji tu.

Miaka mitatu baadaye, yaani mwaka 2001, kundi hilohilo la Budapest lilitoa matokeo mengine yanayowahusu moja kwa moja wanaochukua mbwa wa watu. Safari hii walikwenda katika vituo vinavyohifadhi mbwa waliotelekezwa. Waligundua kwamba mbwa mkubwa aliyeshughulikiwa na mtu mmoja kwa dakika 10 tu, mara tatu, tayari alianza kumwonyesha mtu huyo dalili za mapenzi ya aina ileile.

Hizo ni habari njema na ni habari za kutahadharisha. Mbwa mgeni hahitaji miezi kumpenda mwenyeji mpya. Siku chache zinatosha. Lakini aliyeshikamana upesi namna hiyo, huku akiwa hajazoea nyumba, sauti za mtaa wala ratiba ya watu, huogopa upesi vilevile mtu huyo anapotoweka.

Si kila kelele ni hofu

Kabla ya kumtibu mbwa hofu ya kutengana, mwenyeji ahakikishe kwamba ndiyo inayomsumbua. Mbwa hubweka kwa sababu nyingi: njaa, viroboto na kupe, jua lililofika alipofungwa, mbuzi wanaopita, au uchovu wa kukosa la kufanya. Mtoto wa mbwa wa miezi mitatu hawezi kuzuia mkojo asubuhi nzima, na mbwa mwenye umbo dogo hujaza kibofu haraka kuliko mbwa mkubwa.

Njia rahisi ya kujua ni kuacha simu ndani ikiwa inarekodi sauti. Mbwa mwenye hofu ya kutengana kwa kawaida huanza mapema, mara nyingi ndani ya nusu saa ya kwanza tangu mlango ufungwe, na wengine huanza kabla mtu hajaondoka, pale anapovaa viatu. Mbwa aliyechoshwa na upweke tu hulala kwanza, kisha katikati ya asubuhi akatafuta kiatu cha kutafuna.

Dalili nyingine ni mahali palipoharibiwa. Mwenye hofu hushambulia njia ya kutokea, yaani mlango, fremu ya dirisha au wavu wa mbu. Aliyechoshwa huharibu chochote kilicho karibu.

Fimbo huongeza ugonjwa

Wengi hukosea hapa. Mtu anarudi saa tisa alasiri, anakuta mkojo sakafuni na mlango umekwaruzwa, anamshika mbwa shingoni na kumchapa. Mbwa ananywea, anakunja mkia, anageuza uso, naye mtu anasema: anajua alichokosa.

Mwaka 2009 mtafiti Alexandra Horowitz wa New York alichapisha jaribio juu ya uso huo wa "nimekosa". Wenye mbwa waliwakataza mbwa wao kula kipande cha chakula, wakatoka, na waliporudi wakaambiwa kama mbwa ametii au la. Baadhi waliambiwa uongo. Ilionekana kwamba mbwa hawakunywea kwa sababu ya kula, bali kwa sababu ya kukaripiwa, na hata wale ambao hawakuwa na kosa lolote walinywea walipokaripiwa.

Anayechapwa saa tano baada ya tendo haunganishi fimbo na mlango uliokwaruzwa. Anachojifunza ni kwamba kurudi kwa mtu wake nako kunatisha. Siku inayofuata anaogopa kuachwa, na anaogopa pia kufikiwa. Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008, ambayo wengi mijini hawajui kwamba ipo, nayo inakataza kumtesa mnyama.

Ufunguo, viatu na baiskeli

Tiba inayoaminika zaidi ni mazoezi, tena mazoezi ya polepole yanayochosha uvumilivu wa mtu kuliko wa mbwa.

Ivan Pavlov wa Urusi, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1904 kwa utafiti wake wa mmeng'enyo wa chakula, ndiye aliyeonyesha kwamba mbwa hutokwa na mate hata kabla ya kuona chakula, endapo amezoea kusikia sauti fulani kabla ya kulishwa. Hofu hufuata njia hiyohiyo. Ifakara ni mji wa baiskeli, na mbwa aliye mgeni katika nyumba huchukua siku chache tu kujua kwamba mlio wa kufuli la baiskeli ukifuatiwa na ufunguo mlangoni, upweke unakuja. Kwa hiyo hofu yake huanza kwenye kufuli, si kwenye mlango.

Zoezi la kwanza, basi, ni kuziondolea maana ishara hizo. Mtu achukue ufunguo, aende nao jikoni, aurudishe mezani. Avae viatu vya kazini, aketi na kunywa chai. Afungue kufuli la baiskeli, aisukume hadi ukutani, aifunge tena na kurudi ndani. Afanye hivyo mara kadhaa kwa siku bila kuondoka, hadi mbwa asiinue hata kichwa.

Baada ya hapo ndipo mlango huanza kufungwa. Mara ya kwanza kwa sekunde chache, mtu akiwa nje karibu kabisa. Akirudi mbwa akiwa ametulia, sekunde ziongezwe. Zikifika dakika moja, dakika mbili, dakika tano, muda uwe unapandishwa na kushushwa, ili mbwa asijifunze kwamba kila kutoka ni kurefu kuliko kulikotangulia. Akianza kuhema, kutembea huku na huko au kulia, maana yake amevushwa hatua. Arudishwe kwenye muda aliouvumilia bila shida, na mazoezi ya siku hiyo yaishie hapo.

Njia hii ya kumsogeza mwenye woga karibu na anachokiogopa kwa vipimo vidogo vidogo ilienezwa katika tiba ya binadamu na daktari wa Afrika Kusini, Joseph Wolpe, kupitia kitabu chake cha mwaka 1958. Kwa mbwa huchukua wiki kadhaa, wakati mwingine miezi. Nusu saa ya kwanza ndiyo ngumu zaidi. Mbwa aliyeweza kutulia kwa muda huo, kwa kawaida huongezewa muda kwa hatua kubwa zaidi.

Kuondoka na kurudi kusifanywe sherehe. Kuagana na mbwa kwa kumkumbatia, au kumbeba na kumbusu mara tu baada ya kufungua mlango, humfanya aone kwamba kutoka kwa mtu ni tukio kubwa. Salamu fupi inatosha.

Kinachosaidia vilevile ni kumpa kazi ya mdomo. Kifuu cha nazi kilichopakwa ndani ugali laini uliochanganywa na dagaa wa kusagwa humshughulisha mbwa mdogo kwa muda mrefu, na hakigharimu kitu. Apewe kifuu hicho anapoachwa tu, na kiondolewe mtu anaporudi. Ugali huo usitiwe kitunguu, ambacho ni sumu kwa mbwa, na mifupa ya kuku iliyopikwa isitumike kabisa kwa kuwa huvunjika vipande vyenye ncha. Mbwa akikigusa kifuu pale tu mwenyewe anaporudi, hiyo ni habari kwamba hofu yake bado ni kubwa na muda wa kumwacha upunguzwe.

Asiachwe peke yake wakati wa mazoezi

Mazoezi hayo yana sharti moja gumu. Katika kipindi chote cha kumzoesha, mbwa asiachwe peke yake kwa muda unaozidi uwezo wake. Asubuhi moja ya kilio cha saa nne huweza kufuta kazi ya wiki nzima.

Katika miji ya Ulaya sharti hilo huwashinda wengi, kwa kuwa mtu anaishi peke yake ghorofani. Ifakara nafuu ipo. Nyumba nyingi zina bibi, shangazi, mdogo wa mama aliyekuja kusoma au mpangaji wa chumba cha pili ambaye hashindi kazini. Mbwa anaweza kushinda naye uani, na kwa mbwa wengi kuwapo kwa mtu yeyote wanayemfahamu kunatosha.

Wapo, hata hivyo, wanaolia hata nyumba ikiwa imejaa watu, kwa sababu wameshikamana na mmoja tu. Dawa yake ni kugawana kazi. Asubuhi alishwe na mama wa nyumba, jioni na kijana, na matembezi yafanywe na mwingine. Mbwa wa pili hasaidii sana katika hali hii, kwa kuwa anayetafutwa ni mtu. Wapo waliochukua wa pili wakaishia kuwa na wawili wanaolia.

Jirani naye ashirikishwe. Kumweleza mapema kwamba kuna mbwa mgeni, kwamba anazoeshwa, na kwamba kelele zitapungua, ni tofauti na kumngoja aje na hasira. Katika ua wenye wapangaji Waislamu, ambao wengi wao hujitahadhari na mate ya mbwa kwa sababu ya ibada, mbwa atengewe kona yake mbali na vyombo, maji na mahali pa kuswalia. Ugomvi mwingi wa mbwa uani hautokani na kubweka bali na kupuuza jambo hilo.

Joto la bati

Wenye haraka humfungia mbwa stoo ili majirani wasisikie. Ifakara iko bondeni, na stoo yenye paa la bati na dirisha lililozibwa, mwezi Novemba saa saba mchana, ni tanuri. Mbwa hatoki jasho kama binadamu. Hujipoza kwa kuhema, na mwenye hofu huhema tayari kabla ya joto kumfikia. Mbwa wadogo wenye pua bapa ndio walio hatarini zaidi. Anayefungiwa humo anaweza kufa kabla ya alasiri.

Mahali panapofaa ni baraza yenye kivuli iliyozungushiwa wavu, au chumba chenye dirisha linalopitisha hewa, maji ya kutosha kwenye chombo kizito kisichopinduka, na kipande cha mkeka au kanga alichokuja nacho kutoka kwa mwenyewe wa zamani. Harufu hiyo humtuliza katika siku za mwanzo, hivyo kisifuliwe haraka.

Mbwa mwenye hofu asifungwe kwa mnyororo mfupi. Hujizungusha, hujinyonga, au hukata meno akiuguguna.

Kuhusu dawa, zipo. Marekani iliidhinisha dawa aina ya klomipramini kwa mbwa wenye tatizo hili mwaka 1998, na fluoksetini mwaka 2007. Zote hutolewa na daktari wa mifugo, huenda sambamba na mazoezi na wala hazichukui nafasi yake. Vidonge vya usingizi vya binadamu visitumike, hata nusu. Kesi ngumu zinaweza kupelekwa Morogoro, ambako Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) hufundisha madaktari wa mifugo.

Anapotoroka

Kilio humuudhi jirani, lakini kutoroka kunaweza kuua mtu. Mbwa mwenye hofu akifanikiwa kupasua wavu hukimbilia barabarani kumtafuta mtu wake, na huko hukutana na mbwa wasio na mwenyewe. Bonde la Kilombero linaijua gharama ya kichaa cha mbwa. Katika miaka ya 2010 wilaya za Kilombero na Ulanga zilikuwa miongoni mwa wilaya 28 za kusini mashariki mwa nchi na Pemba zilizoingizwa katika mradi mkubwa wa kuchanja mbwa, ulioratibiwa na Shirika la Afya Duniani (WHO). Lengo la WHO ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa wa eneo ili ugonjwa ukatike.

Kwa hiyo jambo la kwanza kumuuliza anayemtoa mbwa si jina wala umri, bali kadi ya chanjo. Kama haipo, mbwa apelekwe kwa ofisa mifugo kabla ya mazoezi kuanza. Watoto wa mbwa huchanjwa kwa kawaida wakifikisha miezi mitatu, na chanjo hurudiwa kama kadi inavyoelekeza.

Ikumbukwe pia kwamba baadhi ya dalili hufanana. Mbwa ambaye hakuwa na shida, kisha ghafla anatokwa na mate, sauti imebadilika kuwa ya kukwaruza, anashindwa kumeza, anayumba au anauma bila kuchokozwa, asichukuliwe kuwa ana upweke. Asishikwe, ofisa mifugo aitwe. Aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji yanayotiririka na sabuni kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo bila kusubiri kuona mbwa atakuwaje.

Msimu wa shamba

Lipo jaribu moja ambalo vitabu vya Ulaya havilitaji. Mvua zinapoanza, familia nyingi za Ifakara huhamia kwenye mashamba ya mpunga bondeni na kuishi vibandani kwa wiki nyingi, zikilima, kisha zikilinda mpunga dhidi ya ndege na nguruwe pori. Mbwa aliyezoeshwa kwa miezi miwili kukaa saa tano peke yake, hajazoeshwa kukaa msimu.

Kama ataachwa mjini, atakayebaki naye aanze kumlisha na kumlaza angalau wiki mbili kabla ya familia kuondoka, huku wengine wakijitenga naye kidogo kidogo. Anayehama kikazi naye angefanya vivyo hivyo badala ya kumkabidhi mbwa asubuhi ya safari, mizigo ikiwa tayari ndani ya basi.

Kama atachukuliwa, usiku wa kwanza alale ndani ya kibanda karibu na watu, kwa kuwa mbwa mdogo ni windo jepesi porini, na mchana asifuatane na watu kwenye majani marefu yenye nyoka. Aende na kipande chake cha mkeka na kifuu chake, na kadi ya chanjo ifungwe kwenye mfuko mmoja wa nailoni na kadi za kliniki za watoto.